Saratani ya Matiti na Mfuko Wetu wa Kusaidiana

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mikutano ya mwaka ya matawi ya Kitale na Bungoma



Mwaka hata mwaka karani husimama hapa kusoma hesabu, kisha huketi. Safari hii Kamati imetutaka tuseme pia habari ya maradhi, na maradhi yenyewe ni yale ambayo kwetu hayatajwi mbele ya watu. Twajua kwamba si adabu kutaja titi penye wakwe, na wakwe wamo humu ndani. Twawaomba wazee radhi. Lakini wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hicho tumekisikia upande wa Kiminini na upande wa Kimilili vilevile. Basi tutasema waziwazi, kwa maneno ya heshima, na mwishoni tutaleta ombi linalohusu fedha za chama.

Saratani ya matiti, ambayo wengi wetu huiita kansa ya titi, ndiyo saratani inayogunduliwa zaidi kuliko nyingine zote katika Kenya. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, mwaka 2020 wagonjwa wapya wapatao 6,800 waligunduliwa nchini mwetu, na katika mwaka huohuo zaidi ya wagonjwa 3,000 walifariki kwa maradhi hayo. Duniani kote waligunduliwa wanawake milioni 2.3, na waliofariki walikuwa 685,000. Ijapokuwa wanaofariki katika mwaka si lazima wawe walewale waliogunduliwa mwaka huo, mwenye kujua hesabu ataona tofauti upesi. Katika dunia nzima vifo havikufika theluthi moja ya wagonjwa wapya. Kwetu vilikaribia nusu. Katika nchi tajiri, wagonjwa zaidi ya 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Sababu moja kubwa ya tofauti hii ni kwamba wengi wa wagonjwa wetu hufika hospitali maradhi yakiwa yamekwisha kwenda mbali.

Yatupasa kwanza kuyajua maradhi yenyewe. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo seli. Seli huchakaa na kufa, na nyingine huzaliwa badala yake. Ndani ya kila seli yamo maagizo, mfano wa barua ndefu, yanayoiambia lini ijigawe, lini ikome, na lini ife. Seli inapojigawa huyanakili maagizo hayo yote na kuyakabidhi kwa seli mpya. Sisi tulio makarani twaijua kazi ya kunakili. Mtu akikosea neno moja, na mwenzake akanakili kutoka katika nakala ile, kosa huendelea katika kila nakala ifuatayo. Mwili unao wasahihishaji wake, na makosa yaliyo mengi hurekebishwa. Lakini miaka ipitapo, makosa kadhaa yaweza kukusanyika katika seli moja, na yakigusa maagizo ya kukoma, seli ile hujigawa bila mwisho, na wazao wake hufanya vivyo hivyo. Hiyo ndiyo saratani.

Katika titi, maradhi haya huanza mara nyingi ndani ya mirija ipitishayo maziwa, na mara chache zaidi katika vitezi vinavyoyatengeneza. Hapo mwanzo seli mbovu hukaa ndani ya mrija. Baadaye hutoboa ukuta wa mrija na kuingia katika nyama ya titi. Kutoka hapo huweza kufika katika tezi za kwapani, na kwa njia ya damu zikafika mifupani, mapafuni, katika ini na hata ubongoni. Madaktari huyagawa maradhi katika hatua nne, kwa kupima ukubwa wa uvimbe na umbali yalikofika. Katika hatua ya kwanza na ya pili wagonjwa wengi huweza kupona. Katika hatua ya nne dawa zaweza kuyatuliza maradhi na kumwongezea mgonjwa miaka, lakini kupona kabisa ni nadra. Na tulishike neno hili: uvimbe uliobaki titini hauui. Kinachoua ni maradhi kusafiri kutoka titini kwenda katika viungo ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo. Ndiyo maana twasema kwamba kila mwezi una thamani yake.

Dalili zake ni hizi. Uvimbe mgumu katika titi au kwapani. Ngozi ya titi kubonyea, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu iliyokuwa imetokeza kuingia ndani. Damu kutoka katika chuchu. Kidonda juu ya chuchu kisichopona. Titi moja kubadilika umbo pasipo sababu. Na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika: mara nyingi uvimbe huu hauumi. Kwetu mtu huenda hospitali akisikia maumivu, na asiposikia maumivu husema hana ugonjwa. Katika maradhi haya, uvimbe usiouma ndio unaotakiwa kupelekwa upesi. Lakini akina mama wasitishike kupita kiasi, kwa kuwa uvimbe ulio mwingi wa matiti si saratani. Anayejua kama ni saratani au siyo ni yule aliyepimwa tu.

Tena yuko mama anyonyeshaye, ambaye titi lake huvimba na kuwa jekundu. Mara nyingi hilo ni jipu, na dawa za hospitali hulimaliza. Lakini ikiwa amemaliza dawa na uvimbe haukuondoka, asikubali kupewa dawa zilezile mara ya pili na ya tatu. Aombe apelekwe mbele kupimwa, kwa maana iko saratani inayojifananisha na jipu.

Ni nani apatwaye? Kwanza ni wanawake, na hatari huongezeka kadiri umri unavyoendelea. Hata hivyo katika Kenya wako wengi wanaopatwa kabla ya kufika miaka 50, wangali na watoto wa shule. Wanaume nao hupatwa, ingawa hawafiki mmoja katika kila wagonjwa 100. Basi mwanamume mwenye uvimbe nyuma ya chuchu asione haya kwenda kupimwa. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliugua yumo katika hatari kubwa zaidi. Wataalamu walizigundua mwaka 1994 na 1995 sehemu mbili za maagizo ya mwili, ziitwazo BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiharibika mzazi aweza kumrithisha mtoto hatari hiyo, na mzazi huyo aweza kuwa baba pia. Lakini saratani za kurithi kwa njia kama hiyo ni kama 5 hadi 10 katika 100. Walio wengi hawana mtu wa ukoo wao aliyeugua kabla yao. Kwa hiyo mtu asiseme, "Kwetu ugonjwa huo haupo."

Yako mambo mengine yanayoongeza hatari: kuvunja ungo mapema sana, kuchelewa kukoma hedhi, kutozaa au kuzaa mtoto wa kwanza baada ya miaka 30, unene mwingi baada ya kukoma hedhi, na kukaa bila kuushughulisha mwili. Zaidi ya miaka 300 iliyopita daktari Mwitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba watawa wa kike walipatwa na saratani ya matiti kuliko wanawake wengine, na utafiti wa baadaye ukaeleza kwamba kuzaa na kunyonyesha huupunguza uwezekano wa kuugua. Mwaka 2002 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya habari kutoka nchi 30, ukaonyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa zaidi kidogo ya sehemu 4 katika 100, mbali na upungufu mwingine uletwao na kila uzazi. Desturi ya mama zetu ya kunyonyesha muda mrefu ilikuwa na hekima ndani yake, na vijana wasiidharau. Vilevile wazee waturuhusu kusema habari ya kilevi. Kilevi cha namna yoyote, kiwe busaa, chang'aa au bia ya chupa, huongeza hatari ya saratani hii, na kadiri mtu azidishavyo ndivyo hatari izidivyo.

Sasa tuyaondoe yasiyo kweli. Saratani ya titi haiambukizi; mume aweza kulala na mkewe na mtoto aweza kula chakula alichopika mamaye. Hailetwi na sidiria, wala na fedha au simu ambazo mama wa sokoni Chwele huziweka ndani yake. Hailetwi na kurogwa, wala na kiapo cha ukoo. Wala si kweli kwamba ukiuchoma uvimbe kwa sindano au kwa kisu cha daktari maradhi husambaa. Neno hili la mwisho limewazuia wengi, nalo limepata nguvu kwa sababu moja: wengi waliopasuliwa walikuwa wamefika wakiwa katika hatua za mwisho, wakafariki baadaye, na waliobaki wakakilaumu kisu badala ya kuilaumu miezi iliyopotea.

Kazi ya hospitali huanza kwa mkono wa daktari au muuguzi aliyefunzwa, anayelipapasa titi na kwapa. Miongozo ya taifa ya mwaka 2018 yataka mwanamke aanze kupimwa hivyo tangu umri wa miaka 25, na kuanzia miaka 40 apigwe picha ya matiti iitwayo mamografia. Kukiwa na shaka, huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kwa sindano na kuchunguzwa kwa darubini. Bila kipimo hicho hakuna awezaye kusema kwa hakika, na hakuna matibabu yapasayo kuanza. Kipande hichohicho huonyesha pia aina ya saratani: kama inalishwa na homoni za kike, kama ina protini nyingi iitwayo HER2, au kama haina lolote kati ya hayo. Aina ndiyo huamua dawa, hivyo dawa iliyomfaa jirani huenda isimfae mwingine.

Upasuaji ndio msingi wa matibabu. Katika karne ya 19 daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alikuwa akiondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua, na njia yake ikafuatwa miaka mingi. Halafu Umberto Veronesi wa Milan mwaka 1981, na Bernard Fisher wa Marekani mwaka 1985, walionyesha kwamba uvimbe ukiwa mdogo, yatosha kuuondoa huo pamoja na nyama kidogo ya pembeni, kisha titi likachomwa kwa mionzi, na mgonjwa akaishi sawasawa na yule aliyeondolewa titi zima. Basi ajaye mapema huweza kubaki na titi lake. Achelewaye ndiye hukosa hiari. Mashine za mionzi katika hospitali za serikali zilikuwa kwa miaka mingi katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, peke yake. Siku hizi huduma ya mionzi iko pia Eldoret, Nakuru, Mombasa na Garissa.

Ziko vilevile dawa zitiwazo mshipani kwa awamu, ziitwazo kemotherapia. Hizo hutafuta seli mbovu zilizokwisha kutawanyika. Huchosha, hutapisha na kuangusha nywele, lakini nywele huota tena. Kwa saratani ilishwayo na homoni, kiko kidonge cha tamoksifeni, kinachomezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Kidonge hiki kimeokoa maisha ya wanawake wengi sana duniani, nacho si cha bei kubwa. Lakini hakifai kitu kwa mtu anayekiacha baada ya miezi michache kwa sababu anajiona mzima. Kwa saratani yenye HER2 iko dawa ya trastuzumabu, iliyoanza kutumiwa Marekani mwaka 1998, nayo ni ghali.

Wazee wetu, tumeyasema haya yote ili tufike hapa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa malengo matatu kwa nchi zote. Wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili. Tangu mgonjwa afike hospitali mara ya kwanza hadi ajue ana maradhi gani, zisipite siku 60. Na wagonjwa 80 katika kila 100 wayamalize matibabu yao.

Tuzipime siku 60 kwa kalenda yetu wenyewe. Mahindi yaliyopandwa Kitale, yakitimiza siku 60, bado hayajachanua. Sasa tuchukue mfano wa mama mmoja, ambaye si mtu fulani, bali ni wengi. Auona uvimbe mwezi wa Machi wakati wa kupanda. Hauumi, anyamaza, kwa kuwa kazi ni nyingi. Mwezi wa Juni amwambia dada yake, naye amwonyesha mtu wa mitishamba. Mwezi wa Agosti, mwaka wa kutahiri, nyumba imejaa wageni na fedha zote zimekwenda huko. Mwezi wa Septemba afika zahanati, apewa dawa za jipu. Mwezi wa Novemba, mahindi yakivunwa, amwambia mumewe. Mume ataka kwanza auze magunia. Mwezi wa Januari fedha zapatikana, lakini ada ya shule yafika mlangoni siku ileile. Afikapo Eldoret ni Machi tena, na uvimbe umekuwa kidonda. Hakuna mtu mwovu katika habari hii. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Lakini siku zimekuwa zaidi ya 360, na hata siku moja haikupotezwa na saratani. Yenyewe ilifanya kazi kila usiku.

Kisha ndipo jina la mama yule linapoletwa kwetu. Katika daftari la chama fedha zitokazo kwa mkupuo huwa ni za jeneza, gari la kuleta maiti, hema na chakula cha matanga. Wanachama hutoa upesi na kwa moyo mmoja, nasi twaandika risiti. Kutoka Kitale hadi Eldoret, iliko Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ni yapata kilomita 70. Kutoka Bungoma ni kama 100. Nauli ya mama huyu na ya mtu wa kumsindikiza, pamoja na gharama ya kipimo cha sindano, ni kidogo sana ikilinganishwa na hizo za matanga. Twachelewa kumpa kidogo angali hai, kisha twatoa kingi amekwisha kufa.

Mzee aweza kuuliza, na ni haki yake: "Je, mwataka tuwazike watu wetu bila heshima?" La, mzee wetu. Kumzika mtu vizuri ni wajibu, na chama hiki kilianzishwa ili mtu wetu asiwe maiti isiyo na mwenyewe katika mji wa ugenini. Twasema tu kwamba heshima ianze mapema kidogo.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya mkutano. La kwanza, sehemu moja katika nne ya mfuko itengwe kuwa ya nauli na vipimo, na mwanamke mwenye dalili tulizozitaja apewe bila kungoja kikao cha Kamati. Karani ataandika namba ya mwanachama na maneno "safari ya hospitali" tu, pasipo kutaja kiungo wala maradhi, ili mtu asiogope daftari letu. La pili, kila tawi lichague akina mama wawili watakaofunzwa na wauguzi, ili mwenye haya apate wa kumwendea. Tena wasaidie wajane na wazee wajiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo mwaka 2024 ilichukua nafasi ya NHIF. Kwa maana bima hulipa sehemu ya matibabu ya saratani hadi kiwango kilichowekwa, lakini haimsaidii yule ambaye michango yake haijalipwa.

La tatu halina gharama. Wazee wanakumbuka jinsi mbegu ya mahindi chotara, iliyotengenezwa hapa Kitale na kutolewa mwaka 1964, ilivyokubaliwa. Watu hawakuiamini kwa kuambiwa. Waliiamini walipoliona shamba la jirani limejaa. Wako miongoni mwetu wanawake waliotibiwa saratani hii na sasa wanalima, wanauza sokoni na kulea wajukuu, lakini wamenyamaza kwa kuogopa kunyoshewa kidole. Twaomba wazee mtangulie kuwapa heshima, ili atakaye kusema aseme. Na waume zao twawaambia kwa adabu: mke aliyeondolewa titi ni mke yuleyule uliyemtolea mahari. Yako mengi ambayo daktari hawezi kuyafanya, na moja ni kumpa mgonjwa sababu ya kurudi nyumbani.

Bwana Mwenyekiti, twamaliza. Msimu wa kupanda u karibu, na huenda sasa hivi yuko mama mahali fulani, baina ya Endebess na Webuye, aliyeugusa uvimbe asubuhi hii alipokuwa akioga, akajiambia kwamba atangoja. Twaomba maombi haya matatu yapigiwe kura leo, kabla mkutano haujafungwa, ili akija kesho akute fedha ziko tayari.